Msiba Tunakaa Wote, Ugonjwa wa Akili Tunafunga Mlango

Mtu akifiwa Mbagala au Manzese, hapa Dar es Salaam, saa nane za usiku, kabla ya adhana ya alfajiri turubai limeshafungwa, viti vimeshushwa, na kuna mtu ameshashika daftari la rambirambi. Hakuna aliyeitwa kwa barua. Mtu akivunjika mguu kwa bodaboda ni hivyohivyo: kikundi cha kufa na kuzikana kinatoa kilichopo, kikoba kinakopesha, jirani anapika uji na kuupeleka wodini. Lakini kijana wa nyumba hiyohiyo akianza kujibizana na watu wasioonekana, mama yake anafunga dirisha kwanza, kisha mlango. Ukimuuliza, atakwambia mtoto ana malaria, imempanda kichwani.

Simlaumu. Nimekaa upande wa ndani wa mlango huo, kwa ajili ya ndugu yangu wa upande wa mama. Malaria inayopanda kichwani ina heshima yake: inaombewa, inachangiwa, na mwisho wake unajulikana. Ile nyingine inaitwa kichaa, na jina hilo likishatoka nje halirudi ndani.

Kwa hiyo tuanze na majina. "Kichaa" ni gunia, na humo ndani kuna magonjwa yasiyofanana. Kuna skizofrenia, ambapo mtu husikia sauti, huamini anafuatwa au anasemwa, na mawazo yake hukosa mpangilio. Kuna ugonjwa wa hisia mseto: wiki kadhaa mtu halali, anaongea bila kituo, anagawa mtaji wa duka lake kwa wapita njia, kisha anaanguka chini kabisa na hataki hata kufunua shuka. Kuna sonona, ambayo mtaani huitwa mawazo, na mara nyingi huja zahanati imevaa nguo za maumivu ya kichwa, kifua kubana na usingizi kukatika. Kuna hali ya kuachana na uhalisia inayowapata mama wachache katika siku au wiki za kwanza baada ya kujifungua, mama mmoja au wawili kwa kila uzazi 1,000, inayokuja ghafla na inayohitaji hospitali siku hiyohiyo. Na kwa kuwa hapa kwetu kifafa nacho hutibiwa mara nyingi kwenye kliniki za akili, wenye kifafa hubebeshwa jina lilelile wakati akili zao ni timamu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 970 duniani walikuwa na tatizo la afya ya akili la aina moja au nyingine, yaani mtu 1 kati ya 8. Skizofrenia peke yake huwapata kama milioni 24, mtu 1 kati ya 300. Sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi wa Dar es Salaam 5,383,728. Ukichukua uwiano huo wa dunia ukauweka juu ya jiji hili, hesabu ya penseli tu, unapata watu karibu 18,000. Mweke kila mmoja katika nyumba ya watu watano, na Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 hauwatoshi. Wote hao wamefunga madirisha, kila nyumba ikidhani iko peke yake.

Wodi ya kweli iko nyumbani

Hospitali ya akili ya Mirembe iko Dodoma. Ile ya Lutindi iko milimani huko Korogwe. Mkazi wa Dar ana Muhimbili, na ana hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala. Mgonjwa akizidiwa hulazwa siku au wiki kadhaa, sauti zikapungua, akarudishwa nyumbani na tarehe ya kliniki imeandikwa kwenye daftari. Baada ya hapo daktari humwona kwa dakika chache kila mwezi. Saa zote zilizobaki anaonwa na mama, dada, mke, au bibi mzaa mama. Hao ndio wauguzi wa zamu ya mchana na zamu ya usiku, na hakuna aliyewafundisha hata dalili ya kwanza ya hatari inafananaje.

Kwamba nyumba anayorudi mgonjwa ina uzito wake katika tiba, liligunduliwa kwa namna ya kushangaza. Katika miaka ya 1950 huko London, mtafiti George Brown na wenzake waliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali za akili baada ya kukaa muda mrefu. Mtu angetegemea kwamba waliorudi kwa wazazi na wake zao wangefanya vizuri kuliko waliokwenda kupanga vyumba. Ikawa kinyume: waliorudi kwa wazazi au wake walirudishwa hospitali zaidi ya wale waliokwenda kwa kaka na dada au kwenye vyumba vya kupanga. Utafiti uliofuata ukachambua kilichokuwa kinatokea ndani ya nyumba hizo, ukakuta mambo matatu: kulaumu mfululizo, chuki ya wazi, na ile huruma iliyopita kiasi ambayo humfanya mtu wa miaka 30 alishwe na kusemewa kama mtoto wa chekechea. Mwaka 1976 Christine Vaughn na Julian Leff wakaongeza kipimo cha saa: palipokuwa na mambo hayo, na mgonjwa akakaa uso kwa uso na ndugu zake zaidi ya saa 35 kwa wiki, ugonjwa ulirudi kwa kasi zaidi.

Saa 35 kwa wiki. Sasa chukua chumba na sebule cha Tandale, watu sita, pazia la kitenge ndilo ukuta. Saa 35 zinaisha kabla ya Jumatano. Uingereza mtu anaweza kuambiwa ajitenge kidogo, akae chumbani kwake. Uswahilini chumbani kwake ndiko wanakolala wadogo zake na ndiko linakokaa jiko la gesi. Kwa hiyo kwetu suala la maneno yanayosemwa ndani ya chumba hicho ni zito mara mbili, kwa sababu hayana pa kwenda.

Hapa kuna mtego, na wengi wameshanaswa. Kutoka "nyumba ina athari" mpaka "nyumba ndiyo iliyomletea ugonjwa" ni hatua moja fupi, na hatua hiyo ni uongo. Marekani kulikuwa na wakati mabingwa walifundisha kwamba skizofrenia husababishwa na mama mwenye baridi moyoni. Nadharia hiyo ilienea kuanzia 1948, na kina mama wakalaumiwa kwa miongo kadhaa huku wakiendelea kufua mashuka. Mwaka 1979, katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, baadhi ya familia zilizochoka kulaumiwa zilikutana na kuanzisha chama chao cha kitaifa, NAMI. Leo chama hicho huendesha mafunzo ya bure ambamo mwalimu ni ndugu wa mgonjwa, aliyewahi kukaa upande wa ndani wa mlango. Kilichoanza kama hasira ya wazazi kikageuka darasa.

Ugomvi unaanzia kwenye godoro

Watu wa nje hudhani kinachoichosha familia ni zile sauti, zile kelele, ile siku alipotoka barabarani bila nguo. Hizo ni siku chache kwa mwaka. Kinachoichosha familia ni godoro. Ni mtu mzima, mwenye mikono miwili, anayelala mpaka saa sita mchana, asiyeoga mpaka asukumwe, asiyejibu salamu ya shangazi, aliyekaa mlangoni akitazama ukuta wakati mama yake anasukuma toroli la ndizi. Dawa imeshazima sauti lakini godoro liko palepale. Hapo ndipo mama hupasuka: "Ugonjwa umeshapona, umebaki uvivu!"

Kumbe huo anaouita uvivu ni ugonjwa. Skizofrenia ina dalili zinazoongeza, kama sauti na hofu ya kufuatwa, na ina dalili zinazopunguza: hunyang'anya hamu, msukumo, raha ya kuongea na watu, mpaka uso unakuwa kama umezimwa. Dawa nyingi huzifikia vizuri zile za kwanza, na hizi za pili kidogo sana. Mama akilijua hilo hasira haimwishii, lakini inapungua mdomoni. Watafiti wameona jambo hili mara nyingi: ndugu hulaumu zaidi pale wanapoamini mgonjwa angeweza kujizuia akitaka. Ukibadilisha anachokiamini, lawama inashuka yenyewe, bila mtu kuhubiriwa upendo. Ndiyo maana nikiulizwa elimu kwa familia ianzie wapi, ningeanza na godoro.

Neno jingine la lawama ni bangi. "Kavuta bangi huyo." Ni nusu ya ukweli. Bangi, hasa ikianzwa mapema katika ujana na kuvutwa kwa wingi, huongeza uwezekano wa kupata saikosisi, yaani ile hali ya mtu kuachana na uhalisia, na kwa aliyeshaugua huurudisha ugonjwa. Lakini wavutaji wengi hawapatwi, na wagonjwa wengi hawajawahi kuigusa. Skizofrenia kwa kawaida hujitokeza kati ya mwisho wa ujana na miaka ya ishirini na kitu, umri uleule ambao vijana hujaribu kila kitu, kwa hiyo bangi hukutwa eneo la tukio hata isipokuwa na hatia.

Halafu kuna damu. Familia nyingi huficha kwa sababu ya binti wa nyumba hiyo anayetarajia kuposwa. Urithi upo, hatuwezi kuukana: katika watu wa kawaida kama 1 kati ya 100 hupata skizofrenia maishani, na kwa aliye na mzazi mwenye ugonjwa huo ni karibu 1 kati ya 10. Soma namba hiyo kutoka upande wa pili pia: tisa hawapati. Wajumbe wa posa hawajawahi kuambiwa hiyo tisa.

Na nikiwa hapohapo kwenye maneno, niseme la kwetu wenyewe ambalo sijalikuta katika mafunzo yoyote. Sisi watu wa pwani tunagombana kwa mafumbo. Hatumwambii mtu, tunaiambia kuku, tunaliambia sufuria, tunavaa kanga yenye maandishi na kupita nayo mara mbili uani. Kwa mtu mwenye akili iliyotulia hiyo ni sanaa. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake unamwambia kwamba kila kinachosemwa kinamhusu yeye, ni sumu, kwa sababu safari hii ni kweli kinamhusu. Nimeshuhudia nyumba iliyotulia kwa miezi kadhaa baada ya kina mama wawili wa uani kukubaliana jambo dogo tu: kwake yeye wataongea moja kwa moja, sentensi fupi, kwa jina lake, bila vijembe. "Kaka, chai iko tayari." Basi.

Shingo iliyopinda

Kijana ameanzishiwa haloperidol, dawa ya siku nyingi na inayofanya kazi. Siku ya pili au ya tatu shingo yake inavutwa upande, macho yanageukia juu, ulimi unakuwa mzito, hawezi kufunga taya. Nyumba nzima inaona kitu kimoja: jini limekataa dawa. Dawa zinatupwa chooni, teksi inaitwa, safari ya kwa mtaalamu wa majini inaanza usiku huohuo.

Kilichotokea ni misuli kukakamaa kwa sababu ya dawa, jambo linalojulikana kabisa, linalowapata zaidi vijana wa kiume katika siku za mwanzo. Linatisha kwa macho, lakini sindano sahihi hospitalini huliondoa ndani ya dakika chache. Kuna na athari nyingine ya dawa, isiyoonekana kirahisi: miguu inakataa kutulia, mgonjwa anatembea chumbani huku na huko, anakaa na kuinuka. Familia inasema imempanda tena na kumwongezea vidonge, na vidonge ndivyo vilivyomtembeza. Mate kutoka, mikono kutetemeka, kunenepa, usingizi mzito, nguvu za kiume kupungua, yote haya yana majibu: kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, kuongeza kidonge cha kutuliza misuli. Daktari hawezi kujibu ambacho hakuambiwa, na kijana wa miaka 24 hatamwambia daktari habari za nguvu zake mbele ya mama yake. Mwacheni aingie peke yake kwanza.

Dakika tano za kumwambia mama huyo, siku ya kwanza, kwamba shingo inaweza kupinda na akiiona afanye nini, zingeokoa mwaka mzima. Nasema mwaka kwa sababu ndivyo hesabu inavyokwenda. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2012 ulijumlisha majaribio 65 na kukuta kwamba ndani ya mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia 27 kati ya kila 100 walioendelea na dawa, na 64 kati ya kila 100 walioachishwa. Uchambuzi mwingine wa 2001, uliokusanya tafiti 25, ulionyesha kuwa ndugu wakishirikishwa katika tiba, kurudi kwa ugonjwa kunapungua kwa kama asilimia 20.

Mtu hugoma vidonge kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba amepona. Anajiona mzima, na kweli ni mzima, kwa sababu ya vidonge. Kwa wengine sindano ya mwezi inafaa kuliko vita ya kila jioni. Mwezi wa Ramadhani nao una mambo yake: aliyeandikiwa asubuhi na jioni hujiamulia mwenyewe kuruka moja. Muulizeni daktari kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa dozi nyingi zinaweza kupangwa upya baina ya futari na daku. Ila anayetumia lithiamu, dawa ya ugonjwa wa hisia mseto, asijaribu kufunga bila daktari, maana mwili ukikauka maji dawa hiyo hupanda mpaka ikawa hatari. Mgonjwa ana ruhusa yake, na mashekhe wanalijua hilo kuliko mimi.

Kwa mganga tutakwenda tu

Makala za afya hupenda kumaliza habari ya waganga kwa mstari mmoja: msiende. Watu wanaitikia, kisha wanakwenda. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa 2003 ulilinganisha wagonjwa wa vituo vya afya na wa waganga wa jadi. Walio na sonona, wasiwasi na mengine ya kundi hilo walikuwa asilimia 24 kwenye vituo vya afya na asilimia 48 kwa waganga, mara mbili. Yaani mzigo wa akili wa jiji hili tayari uko kwenye mikeka ya waganga, tupende tusipende. Na ukimwangalia mganga anafanya nini, unaelewa: anauliza habari za nyumbani, anaiketisha familia nzima, anatoa jina la tatizo, na anatoa sababu isiyomlaumu mama. Hayo manne kliniki yenye foleni ndefu mara nyingi haina muda nayo.

Msimamo wangu ni huu: familia inayotaka kuomba iombe, msikitini au kanisani, na inayotaka kombe inywe kombe, ila vidonge visikatwe, mtu asifungwe mnyororo, asinyimwe chakula kwa jina la kufukuza pepo, na asichapwe. Shekhe au mchungaji anayekwambia utupe dawa ili imani yako ionekane, huyo mkimbie. Wapo wengi wanaosema endelea na hospitali, na mimi nitakuombea. Hao ni hazina.

Kuhusu mnyororo, sitajifanya simwelewi anayeufunga. Bibi wa miaka 65 na mjukuu wa kilo 80 aliyezidiwa saa saba usiku, jirani hawafungui, dereva wa bajaji akimwona mgonjwa anaondoka. Kamba ndiyo huduma ya dharura aliyo nayo. Ukitaka kumnyang'anya kamba, mpe namba za watu watatu watakaokuja.

Kikundi kinafanyaje kazi

Kuna namna ya kuendesha vikundi vya familia iliyojaribiwa nchi nyingi, na Daktari William McFarlane wa Marekani ndiye aliyeisambaza zaidi. Familia tano mpaka nane hukutana pamoja na wagonjwa wao, mhudumu wa afya akiongoza. Kwanza hufundishwa: ugonjwa ni nini, dawa ni zipi, dalili za kurudi ni zipi. Baada ya hapo kila kikao huchukua tatizo moja la familia moja, dogo na la wiki hii. Wengine wote wanatupa mawazo, hata ya kuchekesha, yanaandikwa. Mwenye tatizo anachagua moja, anaenda kulijaribu, kikao kijacho analeta majibu. Hakuna kilio cha jumla kuhusu jamii na unyanyapaa, ni "anakataa kuoga, tumejaribuje?"

Hapa nyumbani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Marekani walijaribu mafunzo ya familia yaliyopewa jina la Kuwezeshana Kupata Uzima, Muhimbili na Mbeya, mgonjwa na ndugu yake wakishiriki pamoja. Nalipenda jina hilo kwa sababu ya "kuwezeshana": mgonjwa naye ana la kumfundisha ndugu yake, kwa mfano kwamba anapoambiwa "acha kuwaza" anasikia kama ameambiwa acha kupumua. Zimbabwe nako, kuanzia 2006, Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaa ya Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tunaita mawazo. Bibi na benchi tunao.

Zoezi moja la vikundi hivi mtu anaweza kulifanya leo bila kusubiri mradi. Kaeni na mgonjwa siku aliyotulia, muandike dalili zake yeye za kurudiwa, za kwake mwenyewe. Mmoja huanza kufua usiku. Mwingine hubadilisha njia ya kwenda dukani. Ndugu yangu mimi huzima redio ya jirani, kisha anaomba radhi mno. Usingizi ukikatika siku tatu mfululizo, wengi wao wako njiani kuzidiwa. Pembeni ya kila dalili andikeni nani anapigiwa, na kliniki inapelekwa habari siku gani. Ubandikeni ndani ya kabati ambako na yeye anauona. Si siri ya kumvizia.

Mjumbe, polisi na sheria

Serikali ya mtaa hukumbukwa siku ya fujo tu, wakati mjumbe angetakiwa kujua mapema. Tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayosimamia namna mtu anavyopelekwa na kulazwa kwa hiari na hata bila hiari yake, na lengo lake ni matibabu. Kumwita polisi ni njia inayotumika, ila mwiteni mkieleza wazi kwamba ni mgonjwa, mkiwa na daftari lake la kliniki mkononi, na ndugu mmoja asiyeogopa kusimama karibu naye. Nimeona daftari hilo likibadilisha sauti ya askari pale mlangoni. Maofisa ustawi wa jamii ndio wanaoshughulikia msamaha wa gharama kwa wasio na uwezo. Wengi hawaendi kwao kwa kuwa hawajui mlango uko wapi hospitalini. Ulizeni.

Kuna kifungu kinachozidisha ukimya: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa hiyo familia zikifika mapokezi husema "amekosea dawa", na daktari anatibu tumbo huku sonona ikirudi nyumbani na mgonjwa. Mwambieni daktari ukweli. Na nyumbani, ukimwona mtu anaaga aaga, anagawa vitu vyake, anasema atapumzika, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Aliyekuwa nalo hupata nafasi ya kulitoa. Usimwache peke yake, fungia dawa zote na sumu zote, na mpelekeni hospitali siku hiyo.

Yule asiyeulizwa hali

Katika kila nyumba hizi yupo mtu mmoja aliyeachiwa yote, na karibu kila mara ni mwanamke. Wengine wanatuma pesa, wanapiga simu, wanatoa ushauri kutoka Kimara na Arusha. Yeye anajua ratiba ya vidonge, anaamka saa tisa usiku, ameacha biashara ya vitumbua kwa sababu hawezi kutoka alfajiri na kumwacha mgonjwa. Tukiulizana hali, tunamuuliza "mgonjwa anaendeleaje?" Mwaka wa tatu au wa nne presha yake ndiyo inapimwa. Watoto wadogo wa nyumba hiyo nao wanaishi na swali wasiloruhusiwa kuliuliza, kama na wao wataugua, na kama walisababisha kwa kelele zao. Waambieni kwa maneno ya umri wao: kaka anaumwa ubongo, hamjamfanya ninyi, na akiongea vitu vya kutisha mkimbilie kwa mama fulani wa nyumba ya pili.

Msaada wenyewe hauhitaji semina. Ni mtu kumpeleka mgonjwa kliniki mwezi huu ili mama apumzike. Ni kukaa naye Jumapili saa nne mpaka saa nane. Ni kikoba kukubali kwamba kulazwa wodi ya akili ni kulazwa, na mchango utolewe sawa na wa aliyevunjika mguu; vikundi vingi havikukataa kamwe, havijawahi kuombwa.

Mama yangu mdogo aliomba. Ilikuwa kwenye kikao cha kikundi chao cha akina mama huko Tandika, baada ya marejesho kuhesabiwa. Alisimama akasema mtoto wake hana malaria, hajawahi kuwa nayo, ana skizofrenia, ni mwaka wa sita, na yeye amechoka. Alilitamka jina la ugonjwa vibaya kidogo. Watu walikaa kimya, mmoja akawa anakunja kanga yake na kuikunjua. Kisha mweka hazina, mama mnene asiyecheka hovyo, akauliza kliniki ni siku gani. Akajibiwa Jumanne. Akafungua daftari la marejesho ukurasa wa nyuma, akachora mistari, akaandika Jumanne nne za mwezi, na kwenye ya kwanza akaandika jina lake. Wakati daftari linazunguka, mwanamke aliyekuwa anakunja kanga akasema taratibu, bila kumtazama mtu, kwamba kwao ni mdogo wake wa kike, yuko Kigogo, na amefungiwa ndani tangu mwezi wa nane.